Pima Maji

Kule Kiwira nilikojifunzia, udongo ulikuwa udongo.
Unaegesha mashine, unavuta breki,
unakunywa chai yako na mlima haujali.
Hapa Kurasini, mbele ya matangi ya mafuta,
ninakaa juu ya chuma kinachokaa juu ya maji,
na kikombe changu ndicho cha kwanza kuniambia kweli.

Kwenye dashibodi kuna kichupa, urefu wa kidole,
na ndani yake kipovu kimoja cha hewa.
Mafundi wa nyumba hukiita pima maji.
Nilicheka siku ya kwanza:
huku maji ndiyo yanayonipima mimi.

Kabla ya ufunguo, haya:
mlango wa kabini nimeufunga ukiwa wazi, kwa kamba ya katani,
maana tukizama maji hayapigi hodi
wala hayangoji upapase kitasa.
Jaketi langu si lile linalojijaza lenyewe.
Lile likivimba humu ndani linakubana kwenye paa
kama puto la sherehe iliyokwisha.
Jedwali la uzito tumelibandika upya.
La kiwandani linasema tani kumi na mbili,
la tishali linasema saba,
na Pazi ameandika pembeni kwa wino mwekundu:
SABA MAANA YAKE SABA.

Leo tunang'oa nguzo ya gati la zamani,
zege lililolala topeni tangu kabla sijazaliwa.
Pazi yuko ukingoni, glavu za njano.
Akifumba ngumi, nami mikono yangu inaganda.
Tagi linapita likirudi kutoka kusukuma meli;
tunangoja wimbi lake lifike, litupite,
ligonge ukuta, lirudi.
(Hilo la kurudi ndilo baya. Watu hulisahau.)

Navuta. Tani nne. Tano. Tope linanyonya
kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa.
Sita. Kipovu kinatambaa.
Zege likiwa majini huwa jepesi, hujisahau;
likichungulia hewani tu linakumbuka uzito wake wote,
na tishali linainama, na mkono wa kreni unakwenda mbali zaidi,
na umbali unazaa uzito, na uzito unazaa mwinamo.
Naijua hesabu hiyo. Jibu lake liko chini, topeni.

Redioni, Kweka: "Malizia, maji yanakupwa.
Mtaka cha uvunguni sharti ainame."
Nikabonyeza kitufe:
"Ainame yeye, bosi. Si tishali."

Nikashusha.
Polepole, hadi waya ukalegea
na kipovu kikarudi katikati
kama mtu aliyetoka kuzika, akakaa kitako.
Hakuna aliyepiga makofi. Kweka alitema mate majini.
Ngwali mzamiaji akateremka na bomba kufukua tope,
saa mbili nzima, sisi huku tukila mihogo ya kuchoma,
pilipili ikituwasha midomo, mkuki wa jua kichwani.
Saa tisa nguzo ikatoka. Tani sita na robo,
imevaa chaza, inanuka kama jambo lililofichwa.
Pazi aliipigapiga kofi ubavuni, kama ng'ombe.

Kwenye daftari la zamu kuna safu imeandikwa TUKIO.
"Tuandike nini?" Pazi akauliza.
Nikaandika: Hakuna.
Neno likanitazama pale kwenye mstari,
dogo, limelowa jasho la kiganja changu,
na hakuna hata mmoja ofisini atakayeuliza
lilitugharimu nini.

Usiku, Mbagala, kitanda bado kinayumba.
Mama akapiga simu kutoka Tukuyu:
"Tusajigwe, huko majini unafanya kazi gani hasa?"
"Nangoja, mama," nikamwambia.
"Wananilipa kwa kungoja."