Kwa Marit, Kabla ya Kwenda Red Deer

Marit, vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea.
Ukumbi ule ni saruji tupu chini ya zulia jembamba,
na ikifika saa tisa alasiri nyayo ndizo zitakazokuamulia
ununue nini, ukae wapi, umwamini nani.
Beba maji, mkate wenye jibini,
na bahasha moja ya fedha. Kadi ya benki mwachie Joren.
Mwambie aifiche hata ukimpigia simu ukilia.

Mwaka wangu wa kwanza sikuwa na wa kuniambia haya.
Ilikuwa Aprili, theluji imegeuka tope la kijivu,
nami niliingia kama mtu aliyetoka kwenye mfungo.
Meza mia na ushei! Ramani za dunia, abakasi,
vitabu vya Kilatini vinavyonukia gundi,
bwana mmoja mwenye tai nyekundu akiapa
kwamba mwanangu angejua hesabu za sehemu kwa wiki sita,
na kama sivyo, pesa zangu zingerudi na salamu.
Kipya kinyemi ingawa kidonda.
Nilinunua hadubini ya dola mia tatu.
Tobin aliitumia mara moja, akachungulia mguu wa nzi,
akasema, "Una nywele," akaenda kulisha kuku.
Sanduku lilikaa bandani miaka mitatu
hadi kuku mwekundu akalifanya kiota.

Kwa hiyo siku ya kwanza usinunue kitu.
Zunguka. Shika, funua, rudisha mezani.
Macho hayana pazia, lakini mkoba una zipu.
Kabla hujashuka garini andika kiganjani
jina la Sunniva, na kitu kimoja kilichomliza wiki hii.
Ni kugawanya? Ni herufi b na d?
Muuzaji akianza kumwaga sifa, fungua kiganja usome.
Yeye anamuuzia mtoto wa kwenye jalada,
mwenye penseli iliyochongwa.
Wewe una huyu, mtafuna vifutio.

Mihadhara iko saba kwa saa moja, nawe una masikio mawili.
Chagua miwili kwa siku. Kaa karibu na mlango
ili ukijikuta unaandika aibu badala ya maarifa
utoke bila kumkanyaga mtu.
Utamsikia mama wa watoto tisa wanaoamka alfajiri
kukariri majina ya mito. Usijipime naye.
Nguo ya kuazima haisitiri maungo,
na ratiba ya kuazima, nimejaribu, hufika Jumatano.

Sasa lile ambalo halimo kwenye kijitabu.
Kitu bora nilichowahi kupata Red Deer
nilikipata kwenye foleni ya choo.
Mbele yangu mwanamke mwenye koti la kiume,
Bi Agatha Wiebe, mfugaji kutoka kaskazini,
aliniuliza tu, "Wako ana miaka mingapi?"
Nikasema tisa. Nikasema hajui kusoma.
Sikuwa nimemwambia mtu, hata mama yangu.
Foleni ikasonga. Yeye hakusonga.
Akasema wa kwake alianza akiwa na kumi na moja,
ghafla tu, maneno ya kwenye gunia la chumvi ya ng'ombe,
na kwamba miaka yote ya kabla
alimsomea kwa sauti kila usiku, kisha akalia jikoni.
"Kulia na kusoma," akasema, "havigombani."
Akaingia chooni, sikumwona tena.

Tobin bado husoma polepole, kidole chini ya mstari.
Sikuahidi kitu.
Ila panga foleni, Marit, hata kama hukubanwa,
na mtu akikuuliza, usimjibu kwamba mambo ni mazuri.

Ukirudi, endesha taratibu; usiku lami hushika barafu.
Na ukiiona hadubini, pita.
Yangu ipo, njoo uichukue.
Ina manyoya kidogo.