Hesabu ya Kitalu

Kazi yangu ni kuozesha michikichi.
Pale Kihinga naegemeza ngazi, nafunga mfuko
kwenye ua jike kabla halijafunguka,
chavua ya mpita njia isije ikaingia.
Likiwa tayari narudi na chupa, napuliza,
naandika kibaoni: mama fulani, baba fulani, tarehe.
Kitaluni kwetu hakuna mche usiomjua baba yake.

Mkulima akitoka Simbo nampasulia matunda matatu.
Hili la ganda nene ni la mababu, mafuta kiduchu.
Hili lisilo na ganda, mti wake huchanua sana
halafu mikungu huoza ingali michanga.
Hili la ganda jembamba limechukua huku na huku,
ndilo tunalouza.
Namwonya: usiokote kokwa chini yake ukapanda.
Uzuri wake ni nusu kwa nusu,
na nusu ikikutana na nusu
kila mche unaochipua una fungu moja katika manne
la kuja bila ganda,
ukaupalilia miaka kwa miaka ukisubiri mawese.

Wanaitika, "Sawa, bwana shamba." Wengine hupanda.

Miaka kumi na tisa nimeisema hesabu hiyo.
Sikuwahi kuisema nyumbani.

Godeliva alipofikisha miezi minane
viganja vilimvimba kama maandazi.
Anzelma akakung'uta kanga akitafuta nge.
Jirani akatafuta mwenye kijicho.
Mama yangu hakutafuta kitu. Alikaa kimya siku tatu,
kisha akataja jina lisilotajwa kwetu:
shangazi Nyandwi, wa saba kuzaliwa,
mwenye macho ya manjano,
aliyelia mifupa kila upepo wa ziwa ulipopanda mlima.
Walisema amechukuliwa na mizimu.
Hata wa saba wengine walipozaliwa, jina lilirukwa.
Damu haikuomba ruhusa ya jina.

Maweni, mpima damu aitwaye Hamimu
alichora nyuma ya kalenda duara mbili,
akazijaza wino nusu nusu.
"Huyu baba. Huyu mama. Sasa watoto..."
Nikamwomba kalamu.
Nikachora wanne mwenyewe:
mmoja mweupe, wawili wa nusu, mmoja mweusi.
"Umesomea udaktari?"
"Nimesomea michikichi."
Anzelma alikuwa anaitazama mikono yangu.
"Kumbe ulikuwa unajua," aliniambia njiani,
na hakusema tena mpaka tulipofika.

Nilijua. Sikujua kwamba najua.

Hamimu anasema nusu hiyohiyo ndiyo iliyotuvusha
malaria ya utotoni, mimi na Anzelma,
wenzetu wakizikwa kila masika.
Sisi tulidhani ni uji wa ulezi.

Selimundu, wanaiita. Mundu wangu wa kukatia mikungu
huegemea nyuma ya mlango, umefungwa kwenye mti mrefu.
Ana miaka tisa sasa. Aliuangalia ulivyopinda.
"Ndiyo hii iliyo ndani yangu?"
"Ndogo zaidi."
"Inavuna nini?"
Nikaenda kuchemsha maji ya kumkanda.

Mkulima haupendi ule mti wa matunda yasiyo na ganda.
Hajui kwamba chavua yote iliyo chupani mwangu
hutoka kwake.
Hatuukati.

Siku hizi Kizito anaoga mara mbili
na baiskeli yake inaelekea Mwandiga tu.
Jana nilimzuia mlangoni.
"Simkatazi mtu. Nataka mwende wote wawili
mkapime damu, kabla ya barua ya posa."
"Baba, kwani sisi michikichi?"
Ndani, Godeliva akacheka
hadi akajishika mbavu, nami nikageuka upesi
kuhakikisha kama ni kicheko.