Nyufa

Emojong dalali alikuja na daftari na viatu vya ncha kali,
akagonga ukuta kwa ufunguo wa pikipiki,
akatega sikio kama daktari kwenye kifua cha mzee,
akasema: Mama Oboth, nyumba ni nzuri.
Ziba nyufa tu. Paka rangi ya krimu. Krimu inauza.
Na ile picha ya jubilei ya parokia, ishushe,
mnunuzi hapendi kutazamwa.

Mwezi wa tatu bei ilikuwa milioni mia na themanini.
Mwezi wa tano ukavuma uvumi wa reli mpya,
ikawa mia mbili na arobaini, nikaambiwa ningoje.
Jirani yangu Nyaketcho akangoja nami,
tukinywa chai ya tangawizi kama watu wenye pesa.
Mwezi wa nane uvumi ukapoa.
Sasa ni mia na hamsini,
na Emojong ameongeza neno: ukipata.

Basi nimenunua puti, msasa, na debe la krimu.
Kisu cha mezani kimekuwa mwiko wangu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.
Hawakusema lolote juu ya mwenye kuziba ufa
ili ukuta uende.

Huu wa juu ya dirisha ni wa baruti ya kwanza
walipofungua machimbo ya chokaa upande wetu.
Oboth alikuwa mgongoni, hakuamka.
Huu unaopinda kama barabara ya Malaba
ulikuja siku ya mazishi, saa sita kamili:
padri akanyamaza, jiwe likasema, padri akaendelea.
Na huu mwembamba, nyuma ya kitanda,
sijui ulikuja lini.
Niliuona baada ya kitanda kuwa kipana.

Ochwo alikuwa fundi wa tanuri kiwandani.
Saruji alikatwa kwenye mshahara,
mifuko miwili kila mwezi, miwili, miwili,
miezi mingine tukala mtama mtupu kwa ajili ya lenta.
Sakafu ya jikoni ikiwa bado mbichi
aliinama na msumari akaandika: 214.
Si tarehe. Si jina lake wala langu.
Hesabu ya mifuko.
Atakayebomoa ajue anabomoa nini, alisema,
nami nikamcheka: nani abomoe?

Alhamisi akafika Bwana Kaggwa kutoka Kampala.
Mlango niliuacha wazi, sakafu nimeipiga deki mara mbili.
Hakuingia.
Alipima kwa hatua, toka ua wa michongoma hadi lami,
akauliza: lori lenye trela litageuka hapa?
Litageuka, akasema Emojong,
kana kwamba amewahi kuendesha hata toroli.
Ni maegesho wanataka. Malori yanayongoja mpaka.
Nyumba hatuihesabu, mama, tunanunua udongo.
Alilisema kwa adabu, kofia mkononi,
na hilo ndilo lililoniuma.

Walipoondoka, kopo la puti lilikuwa nusu,
debe la krimu halijafunguliwa, risiti imo kwenye Biblia.
Mwenye akili angelirudisha dukani.
Mimi nilipanda tena kwenye stuli,
nikajaza ufa wa dirisha, nikaulainisha kwa kidole gumba,
taratibu, kama unavyompaka mtoto mafuta
ambaye hata hivyo ataenda kucheza vumbini.

Saa sita baruti ikalia.
Vikombe vikanong'ona kabatini.
Ufa ukafunguka palepale,
mdomo uliokumbuka neno.

Nikashuka. Nikampigia Emojong.
Mwambie mtu wako ni mia na sabini.
Akacheka mpaka akakohoa: mama, bei inashuka, wewe unapanda?
Kuna nini kipya hapo?

Nenda jikoni usome sakafu, nikamwambia.
Kisha pita dukani uulize mfuko mmoja leo ni bei gani,
upige hesabu.
Nyufa nampa bure.