Vijiko Sita

Barua ya kaunti imekunjwa mara nne.
Marlys ameileta ndani ya glovu
kama mtu anayeficha jino lililong'oka.
"Nisomee, Verna. Labda sikuelewa."
Alielewa. Nami nimeelewa:
mapato yamevuka kiwango
kwa dola tisa.

Ni ile nyongeza ya Oktoba,
senti sitini kwa saa, pale nyumba ya wazee
anakofua mashuka tangu saa kumi na moja alfajiri.
Siku ile alileta keki,
tukaila na watoto, krimu mpaka kwenye nyusi.
Kumbe tulikuwa tunakula matanga.

Amekwenda kwa msimamizi wake
kuomba apunguziwe mshahara.
Rudia mstari huo, polepole.
Msimamizi alicheka, akidhani mzaha,
kisha akasema kompyuta hairudi nyuma.

Duluth, Januari. Ziwa limeganda
hadi pale macho yanapokoma,
na basi la kwanza hupita kwangu saa kumi na robo
likiwa tupu, ila yeye na Otto,
blanketi juu ya koti juu ya pajama,
usingizi haujakatika.
Nampokea mlangoni kama mkate wa moto.
Hajui kaunti. Anajua gari lake jekundu
lililopoteza gurudumu, na kwamba uji wangu
una zabibu kavu.

Mimi si tajiri. Ruzuku ikichelewa
nami huchelewa kulipia gesi;
marehemu Arvid aliniachia nyumba,
na paa lake linalovuja.
Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha,
nikapiga tena. Namba hazioni haya.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi;
hawakusema mkono huo ufanye nini
ukikabidhiwa mtoto aliyelala.

Ijumaa nilimwambia: kata rufaa,
uliza kanisani, muulize dada yako wa Cloquet.
Akaitikia. Ndiyo, Verna. Ndiyo.
Akapandisha zipu ya Otto hadi kidevuni,
taratibu mno,
kama anayefunga sanduku la safari.

Jumatatu, saa kumi na robo,
nilikuwa nimesimama dirishani na kandambili zangu.
Basi lilipunguza mwendo. Nikawasha taa ya nje.

Daftari la kaunti lina majina matano,
kwa wino mweusi, hakuna lililofutwa.
Mezani kuna vijiko sita,
na mwenye kile cha sita anagonga bakuli:
zabibu, Verna, zabibu.