Siku Kitufe Kilipong'oka

Limi, ninayemfundisha cherehani,
aliiangusha redio akifagia vipande vya kitenge.
Haikufa. Kitufe tu kiling'oka,
kikabingirika hadi mtaroni, mtaro ukakimeza,
na mshale ukakwama palepale ulipodondokea:
stesheni ya wale wa kilimani,
ambao sikuwahi kuwapa hata dakika.

"Leo," ikasema sauti ya mwanamume mwenye mafua,
"kuanzia sasa hadi saa nne usiku,
muziki wa kale na sanaa,
bila tangazo hata moja la sabuni."
Limi akanitazama.
Nikamwambia, tunga uzi.

Saa mbili. Fidla, na kaka zake fidla.
Nilisikia watu wanagombana kwa adabu,
kama ndugu wanaogawana shamba la marehemu:
mmoja anasema, wa pili anamrudishia yaleyale
ila kwa machozi,
na yule mwenye sauti nene hana hoja,
anaguna tu, mh, mh,
lakini mtoe yeye uone, kikao kinavunjika.

Mama Ng'wandu alikuja kuchukua gauni la kipaimara.
"Kuna msiba?"
Hapana, kitufe.
"Basi tuwekee hata taarifa ya vifo."
Siwezi, mama, kitufe.
Akaondoka akisonya. Nikazisikia hatua zake
zikishuka kwenye mawe ya Igogo,
moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu,
na njia ile, kwa tunaoijua,
haijawahi kumkubalia mtu hesabu yoyote.

Saa tano, kipindi cha picha.
Picha, redioni! Mtu anatueleza mchoro tusiouona:
wanawake wanaanika dagaa, alisema,
na mchoraji hakutia weupe hata tone.
Mng'ao ule ni kitambaa chenyewe,
pale brashi ilipopita bila kugusa.
Nikaondoa mguu kwenye pedali.
Miaka kumi na tisa nakata nguo za watu
na sikuwahi kufikiri
kwamba nguo ni pia pale mkasi ulipokataa kupita.

Saa tisa, mchezo wa kuigiza.
Mwanamke anabisha. Mwanamume, kimya, halafu:
"Kama ni wewe, ingia. Na kama si wewe..."
Betri zikalegea. Maneno yakavutika kama ulimbo,
yakakatika.
Hodi ile mpaka leo haijajibiwa.

Tukazianika betri nyuma ya kibanda,
juu ya jiwe kubwa kuliko nyumba ya mwenye jiwe.
Mawe ya huku hushika jua
kama mdai anavyoshika shati.
Nilishona mifuko miwili ya suruali, yote ya kulia.
Nikafumua.

Jioni zikapata nguvu ya kunong'ona.
Bibi mmoja wa Bukoba, Kokubanza, anapiga nanga,
"si ile ya meli," akatania mwenye mafua,
kisha akakohoa, "au labda ni ileile."
Nikaliwaza. Jina moja kwa chuma kizamacho
ili chombo kisiende,
na kwa ubao wa nyuzi
unaokupeleka ukiwa umekaa.
Wakati huohuo meli ya Bukoba ikapiga honi bandarini,
ndefu, chini kidogo tu ya uzi wa bibi.
Limi akakunja uso:
"Dada, hazijakutana."
Kweli. Zilipishana
kama pindo lililokosewa nusu inchi.
Na mimi, mwenye futi shingoni, sikuwa nimeona.

Kesho yake fundi Bwire akaleta kitufe, shilingi elfu moja.
Kikakaa. Nikazungusha:
mpira, mahubiri, sabuni, mpira, sabuni.
Nikarudi nyuma polepole, nikapita, nikarudi tena.
Hakuna aliyekuwa ameshika namba.

Limi akanisogeza kwa kiwiko,
akafuta vumbi la kioo kwa kidole.
Palikuwa na mstari mfupi wa chaki,
mwembamba, kama tunaoweka
pale sindano inapotakiwa kuingia.