Wa Mwisho Hashuki

Saa tisa usiku, Kibaigwa. Huko wanakocheza bado ni jana.
Ndahani kaegemeza simu kwenye mzani wa mahindi,
mpira unavuka ufa wa kioo kama mbuzi avukaye lami.

"Mkiani tena," anasema Chilongola,
"na mwakani wamo. Marekani hakuna kushuka daraja."
"Hakuna?"
"Unafungwa, unalala, unaamka ligi kuu."

Masinjila anacheka hadi gunia alilokalia linatema punje.
Timu yake ya Mlali ilishuka mara moja tu;
jezi zikaishia kufutia pikipiki.

"Na yule winga wetu?"
(Wetu, kwa kuwa anakimbia kama mtu aliyechelewa lori.)
"Kabadilishwa. Hakuulizwa.
Wamechukua kipa, na chenji juu."
"Debe kwa debe."
"Debe kwa debe."

Tukanyamaza. Mzani nao ukatulia kwenye sifuri.

Taa zikachomoza upande wa Kiteto, lori moja,
na tajiri akaita majina mawili.
Masinjila hakuitwa.
Akakung'uta pumba magotini, taratibu:

"Basi mimi ningezaliwa timu, jamani.
Timu ya huko.
Wa mwisho, na kesho nimo."

Bando likaisha dakika ya themanini.