Kilichofutwa

Bogna ameleta diski ndani ya mfuko wa mkate,
ngazi nne juu, theluji ya Łódź bado viatuni.
"BARUA3," baba yake aliandika kwa wino wa bluu
mwaka ule kiwanda cha nyuzi kilipofungwa.

Kompyuta yangu inalifungua faili, inatapika:
vijiraba, alama za sarafu,
kila L yenye mkato tumboni imekuwa mshale.
"Limeoza," asema.
Halijaoza. Limenyamaza tu mbele ya mgeni.

Namwonyesha baiti za kwanza;
hapo faili hutaja ukoo wake kabla ya salamu.
Asiyejua maana haambiwi maana,
basi tunabadili jedwali la herufi,
la kwanza, la pili, la tano,
chai inapoa,

hadi ą inarudi na kamkia kake,
ś na kibanzi chake kichwani.
*Ndugu yangu Lucjan, huko Chicago,
sisi hatujambo. Makaa ya mawe yamefika.
Usitume kitu.*

Bogna anacheka. Ndiye. Ndiye hasa,
na kiburi chake cha kofia iliyopigwa brashi.

Sikuwa nimemwambia
kwamba programu zile, kwa pupa ya kuhifadhi upesi,
hazikufuta kilichofutwa;
zilikisukuma tu nje ya ukurasa.
Nashuka. Chini ya saini,
baada ya sifuri, sifuri, sifuri,
maneno matatu yasiyo na nukta:

*Lucjan tuma chochote*

Anakaa kimya.
Kisha anauliza kama printa yangu ina wino.